Yatokanayo: maneno ya kumuaga diwani wetu

Hotuba ya mtendaji wa kata mstaafu kwenye hafla ya kumuaga diwani, Ngamiani, Tanga

Mwenyekiti wa shughuli, Mheshimiwa Diwani wetu mpya, wenyeviti wa mitaa mliopo na mliopita, masheikh na wachungaji wetu, walimu, mama zangu wa vikundi, vijana wa bodaboda mlioacha vijiwe jioni hii, na wewe Mama Diwani uliyetukusanya hapa: Assalaamu alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nieleze kazi ya Mama Diwani kwa sababu nilikaa naye meza moja. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile mnayoiita WDC, na mtendaji wa kata ndiye katibu. Kwa hiyo kwa miaka mingi, hadi nilipostaafu, yeye aliongoza na mimi niliandika. Watakaosimama baada yangu watamsifu kwa ukarimu na kwa ulimi wake mtamu, na hayo ni kweli tupu. Lakini naona kata hii haijajua sawasawa ilikuwa na mtu wa namna gani, maana wengi mlimwona siku za kukata utepe, na kazi yake kubwa ilifanyika mahali ambapo hapakuwa na utepe wala maturubai.

Safari yake niipitie upesi, mnaifahamu. Alianza kwenye kamati ya shule ya msingi, akihesabu madawati. Mwaka 1999 mkamchagua mwenyekiti wa mtaa. Mwaka 2005 Tanga ilipandishwa ikawa jiji, mwezi wa Julai, na uchaguzi wa mwaka huohuo ukampeleka barazani kwa kiti maalum. Mwaka 2010 akagombea kata, akashinda, na mkamrudisha 2015 na 2020, hadi baraza lilipovunjwa mwaka 2025 na yeye akasema sasa basi, wengine nao wafanye. Chama chake mnakijua, sitakitaja, kwa sababu jioni hii hatuko kwenye kampeni.

Hapo kwenye kiti maalum nisimame kidogo. Kuna watu walimwita diwani wa kupewa, tena mbele yake. Sheria inataka madiwani wanawake wa viti maalum wafike theluthi, na kura ya diwani wa kiti maalum barazani ina uzito uleule wa kura ya aliyepigiwa kura kwenye kata. Yeye miaka ile mitano aliitumia kusoma. Alisoma kanuni za kudumu za halmashauri, alisoma makabrasha hadi kurasa za viambatisho ambako ndiko tarakimu zinakokaa, na alijifunza kusoma taarifa ya mapato na matumizi kutoka kwa mhasibu mmoja mstaafu aliyekuwa jirani yake. Alipoingia kwenye kata 2010 hakuwa mwanafunzi tena. Dada zangu mnaofikiria kuingia kwenye siasa za jiji, msikidharau kiti hicho, na msimruhusu mtu akidharau mbele yenu.

Vijana mliopo hapa mnaweza kudhani madiwani wamekuwapo siku zote. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa nchi nzima, ukaja utaratibu wa Madaraka Mikoani, mambo yote yakawa mikononi mwa maofisa wa mkoa na wilaya. Nia ilikuwa kuharakisha maendeleo vijijini. Lakini miji ilidhoofika sana. Mifereji iliziba, taka zilirundikana, barabara zilichimbika, na kipindupindu kilipoingia nchini miaka hiyohiyo ya 1970 kilikuta miji haina wa kuisimamia. Ikabidi mabaraza ya miji yarudishwe mwaka 1978. Mwaka 1982 Bunge likatunga sheria zile tunazofanyia kazi mpaka leo, Namba 7 ya mamlaka za wilaya, Namba 8 ya mamlaka za miji na Namba 9 ya fedha za serikali za mitaa, na mwaka 1984 mfumo mzima ukasimama upya. Katiba ikaweka ibara ya 145 na 146, kwamba serikali za mitaa zipo ili madaraka yaende kwa wananchi. Mama Diwani alikuwa na ibara hizo mbili zimekunjwa ndani ya pochi yake. Mtu akimwambia jambo fulani ni la wataalamu peke yao, alikuwa anazitoa na kuziweka mezani, kwa adabu kabisa, kisha anaendelea na swali lake.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe.

Kikao chochote cha serikali kina mpangilio wake. Mnafungua, mnathibitisha ajenda, mnasoma muhtasari wa kikao kilichopita na kuuthibitisha, halafu yanakuja yatokanayo, yaani kuulizia yaliyokubaliwa kikao kile. Waliozoea vikao wanajua kinachotokea hapo. Watu wamechoka kusomewa, chai imeshaletwa, mwenyekiti anauliza kama kuna yatokanayo, sauti moja inajibu tuendelee, na yote yaliyoahidiwa miezi mitatu nyuma yanazikwa bila hata fatiha. Nimeandika mihtasari mingi maishani mwangu, na nawaambieni, kata nyingi zinafia hapo. Hazifi kwa kukosa fedha peke yake. Zinafia pale ambapo hakuna mtu aliyeuliza lile tulilokubaliana limefikia wapi.

Mama Diwani hakukubali kuendelea. Alikuwa na kaunta buku, jalada jeusi lenye pembe nyekundu. Ukurasa wa kushoto aliandika jambo, tarehe na cheo cha aliyeahidi. Ukurasa wa kulia aliuacha wazi. Tukifika kwenye yatokanayo anavaa miwani na kuanza kushoto. Bwana Afya, tulisema choo cha soko kitafunguliwa, kimefunguliwa? Jibu likiwa utekelezaji unaendelea, anauliza umefika wapi, nani anatekeleza, kimebaki nini, na siku gani twende tukaangalie. Anayoambiwa anayaandika kulia. Asipoambiwa kitu, kulia panabaki peupe, na kikao kijacho anaanzia palepale. Hakupandisha sauti hata mara moja. Afisa ambaye alijua anakuja kwenye kikao chetu alikuwa anapita kwanza kwenye eneo la kazi asubuhi ile, ili asikutwe hana jibu. Hivyo ndivyo alivyotufundisha kazi sote, na mimi mmoja wao.

Na daftari lile lilikwenda naye hadi barazani. Baraza la madiwani hukaa kila robo mwaka, na kabla yake zinakaa kamati za kudumu. Ya fedha hukutana kila mwezi. Madiwani wengi wanapenda baraza, kwa sababu waandishi wa habari wapo na wananchi wanasikiliza. Yeye alithamini kamati. Alisema, na mimi nimeona ni kweli, kwamba jambo likishafika barazani bila kupita kamati, kilichobaki ni kupiga makofi au kulalamika. Kamatini ndiko unakoweza kumuuliza mkuu wa idara kwa nini fungu hili limehama, ukamsubiri afungue faili.

Alijua kalenda pia, na hili naomba wenyeviti wa mitaa mlishike. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Watu wetu huanza kudai miradi Mei na Juni, wakisikia bajeti inasomwa bungeni. Wakati huo mlango umeshafungwa. Vipaumbele vinaibuliwa mitaani mwishoni mwa mwaka, vinapita WDC, vinapita kamati, na baraza linapitisha mpango na bajeti mapema mwaka unaofuata kabla haijapelekwa mkoani na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Mama Diwani alikuwa anaitisha mikutano ya mitaa Novemba, wakati watu wengine wanawaza sikukuu. Wengi mlimlalamikia kuwa anawasumbua. Miradi mnayoiona leo ilizaliwa kwenye mikutano ile ya Novemba.

Nije kwenye mfereji, kwa sababu nikiondoka hapa bila kuueleza nitakuwa sijasema lolote.

Mnaujua mfereji ule mkubwa wa maji ya mvua unaokatisha barabara zetu. Ardhi ya Ngamiani ni tambarare, maji hayana pa kukimbilia, na masika yakishika kila mtaa unakuwa bwawa. Ulikuwa umejaa mchanga na mizizi kiasi kwamba watoto walikuwa wanacheza mpira juu yake. Siku moja ya mvua kubwa Mama Diwani aliingia ofisini kwangu viatu mkononi, kanga imelowa hadi magotini, akachukua fomu tupu mezani, akageuza nyuma na kuchora. Alichora nyumba zote zilizoingiwa maji, moja moja, kwa majina ya wenyewe: hapa kwa bibi fulani, godoro liko juu ya kabati, hapa fundi cherehani, vyerehani vyote chini ya maji, hapa madrasa. Mchoro ule niliubandika kwenye muhtasari kama kiambatisho. Sikuwahi kuona kiambatisho kilichosomwa kama kile.

Tatizo la mfereji lilikuwa kwamba unapita kata mbili. Kila kata ikipanga vipaumbele inaona huo ni mzigo wa mwenzake. Akaenda kumwona diwani wa kata ya pili, ambaye ni wa chama kingine, na wakati ule vyama vilikuwa vimenuniana. Baada ya uchaguzi wa 2015 mnakumbuka jinsi jiji letu lilivyovutana juu ya umeya, CCM na CUF, mvutano mrefu na mchungu. Katikati ya mambo hayo hawa wawili waliitisha kikao cha pamoja cha kamati zao, wakaandika ombi moja, wakasaini wote wawili. Ombi likapita kamati ya mipangomiji na mazingira, likapita baraza, likaingia kwenye bajeti. Mwaka ule makusanyo hayakufikia lengo, fungu likaahirishwa. Ukurasa wa kulia ukabaki peupe.

Ikaja 2017. Mwezi wa Julai TARURA, wakala wa serikali wa barabara, ikaanza kazi, na barabara za mijini na vijijini pamoja na mifereji yake zikatoka mikononi mwa halmashauri. Madiwani wengi nchini walivunjika moyo, kwa sababu barabara ndiyo waliyokuwa wanaulizwa na wananchi kila siku, na sasa hawakuwa na sauti juu yake kama zamani. Yeye alifanya jambo la kawaida sana. Alichukua daftari, akanakili historia yote ya mfereji kuanzia kikao cha kwanza, akampelekea mhandisi barua yenye mchoro ule na mihtasari yote iliyosainiwa. Mhandisi yule hakulazimika kuanza kuuliza tatizo ni nini. Ombi lilikuwa limekamilika, likaingia kwenye mpango.

Halafu kazi ilipoanza ikakwama mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Kulikuwa na mtu mmoja amejenga baraza la duka lake juu ya mfereji, zege zito na vigae juu yake. Bila kulivunja, maji yangegonga pale na kurudi nyuma. Mtu huyo ni shemeji yake Mama Diwani, na ndiye aliyetoa gari la matangazo kwenye kampeni zake. Nilikuwepo jioni tuliyokwenda kwake. Tulikaribishwa kahawa na kashata, tukaongea habari za ukoo kwa muda mrefu. Kisha akamwambia: shemeji, baraza lako litavunjwa, na nimekuja mimi mwenyewe ili usisikie kwa mtu mwingine. Yule bwana akasema, basi mwakani usinihesabu. Akamjibu, sawa, lakini maji nitakuhesabia. Baraza likavunjwa. Uchaguzi uliofuata gari halikuja, na kwenye kituo kile kura zake zilipungua sana, niliziona kwenye fomu iliyobandikwa ukutani. Waheshimiwa, watu wanauliza diwani mwadilifu anajulikanaje. Mimi nilimjulia kwenye ile sebule, kikombe cha kahawa mkononi.

Mfereji leo unapitisha maji. Na baada ya kukamilika alianzisha zamu za kuusafisha kabla ya vuli na kabla ya masika, kila mtaa kipande chake, kwa sababu mfereji wa kujengwa unaziba kama wa kuchimbwa ukitupiwa chupa na mifuko. Zamu hizo zimeanza kulegea. Nimepita juzi upande wa sokoni, nimeona.

Jambo la pili ni mikopo ya vikundi. Mwaka 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa ilirekebishwa, na ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, iliyokuwa ikitolewa kwa hiari ya halmashauri, ikawa lazima: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Fedha ile ni ya ushuru wenu wenyewe. Na palipo na fedha isiyo na riba, vikundi vya karatasi huota usiku mmoja. Katiba ya kikundi imepigwa chapa vizuri, picha za wanachama zipo, muhuri upo, kikundi hakipo.

Mama Diwani aliyajua majina, lakini zaidi alizijua sura. Kuna kikundi kilileta maombi kwamba kinakodisha viti, maturubai na masufuria ya shughuli. Akapanda baiskeli, maana mjini kwetu hapa baiskeli ndiyo miguu ya mtu, akaenda kwenye anwani iliyoandikwa. Akamkuta kijana mmoja amelala. Akamwambia, mwanangu, nionyeshe sufuria moja tu. Halikuwepo. Aliwaita wale waliotajwa kwenye orodha, akawakuta watatu hawajui hata kuwa ni wanachama. Hakumpeleka mtu polisi wala kumtangaza msikitini. Aliyafuta maombi, kisha akawaita wale watatu na wanawake wengine wa mtaa ule, akawaambia kama kweli mnataka biashara hiyo njooni tuianze kihalali. Kikundi hicho kipo. Viti mlivyokalia jioni hii ni vyao, na mkopo wao wa kwanza waliumaliza wote.

Mnakumbuka Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hii nchi nzima ili utaratibu upangwe upya, na ikarejeshwa 2024. Katika kipindi kile cha kusimama watu wengi waliacha kurejesha, wakisema mambo yamekwisha. Yeye aliendelea kuzunguka na orodha ya marejesho. Alikuwa anawaambia hela mliyonayo ni ya kikundi kinachofuata, hata kama hakijazaliwa. Mikopo iliporudi, vikundi vyetu havikuwa na deni la kuwatia aibu, na vikapita. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yuko hapa, anaweza kunisahihisha nikikosea.

Sasa niseme jambo ambalo si la kumsifu yeye, ni la kwetu sisi.

Tunawachosha madiwani wetu kwa mambo yasiyo yao. Nilipokuwa nikipita kwake alfajiri kupeleka barua za kusaini, nilikuta watu barazani wameshakaa. Huyu ana mgonjwa hospitali ya Bombo, anataka nauli na dawa. Huyu amefiwa, sanda. Huyu ana mtoto amefaulu, anataka sare na godoro la bweni. Huyu ana kadi ya harusi. Diwani hana mshahara. Ana posho, na posho ile haitoshi hata robo ya watu wale. Wanaojaribu kuwaridhisha wote huishia pabaya, kwa sababu fedha ya kugawa kila asubuhi lazima itoke mahali, na anayekupa fedha ya kugawa atarudi siku moja kudai kiwanja au zabuni. Nimeona watu wema wakiharibikiwa hivyo, mahali mbalimbali nilipofanya kazi.

Mama Diwani alitoa alichoweza, na msiba haukumpita. Lakini alikuwa akimchukua mwenye mgonjwa kumpeleka kwa ofisa ustawi wa jamii, aeleze hali yake, apate msamaha wa matibabu kwa utaratibu uliopo. Mwenye mtoto alimwelekeza TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, kama kaya yake inastahili. Kuna waliokasirika, wakasema ana mkono mgumu. Mimi nasema alikuwa anawafungulia mlango ambao ungebaki wazi hata yeye akiwa hayupo. Tusimpokee diwani mpya kwa bakuli. Tumpokee kwa maswali.

Na maswali hayakosi. Mwezi Agosti 2021 kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, kata nzima ilimjia juu yeye. Wapangaji wakauliza kwa nini tulipe kodi ya nyumba ya mtu mwingine. Kodi hiyo haikuwa hata mikononi mwa halmashauri. Tangu 2016 ilikuwa imehamia TRA, mamlaka ya mapato. Angeweza kusema si yangu, akaondoka. Aliitisha mkutano, akaeleza ilivyo, akawafundisha wapangaji kudai wenye nyumba wawarudishie au wapunguze kodi ya chumba, na hata akaandika kielelezo cha makubaliano kwa Kiswahili chepesi ambacho mtu angeweza kunakili kwa mkono. Nyumba kadhaa zilifuata. Diwani anapaswa kuijua hata ile sheria ambayo hakuitunga, kwa sababu mwananchi hana mwingine wa kumgongea saa mbili usiku.

Mji unakua, ndugu zangu. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 273,332 katika jiji hili. Sensa ya 2022 ilikuta 393,429. Hao wote wanataka maji, choo, darasa, mahali pa kutupa taka na pa kuzikwa. Bandari yetu imechimbwa kina, meli kubwa zinafunga gati. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mwisho wake ni Chongoleani, hapahapa jijini. Vijana wanakuja kutafuta kazi, vyumba vya Ngamiani vinajaa, na choo kilichotosha familia mbili sasa kinatumiwa na wapangaji kumi. Mambo makubwa yanayotangazwa kitaifa yanatua kwenye kata kama foleni ya choo na darasa lenye watoto wengi kupita kiasi. Tangu Januari 2016 elimu ilipoanza kutolewa bila ada tuliona jinsi madarasa yalivyofurika. Zilipokuja fedha za madarasa za wakati wa UVIKO, yaani korona, na mafundi wetu wa mtaani wakapewa kazi badala ya makandarasi wakubwa, Mama Diwani alikuwa akifika eneo la ujenzi saa kumi na mbili asubuhi kuhesabu mifuko ya saruji ikishuka kwenye gari, na kuihesabu tena ikifunguliwa. Fundi mkuu mwanzoni alinuna. Darasa lilipokwisha, mifuko minne ilibaki, na ndiyo iliyosakafia njia ya mteremko ya walemavu mnayoiona pale mlangoni.

Mheshimiwa Diwani mpya, sasa nakugeukia wewe. Ninakuheshimu, umechaguliwa, na sitakupa mawaidha mengi. Mama Diwani ameniomba nikukabidhi nakala ya daftari lake la mwisho, na ameniruhusu nisome kurasa zenye upande wa kulia mweupe ili wote wasikie.

La kwanza ni mipaka ya eneo la shule yetu ya msingi. Limepimwa, hati haijatoka, na upande wa nyuma kuna watu wameanza kusogeza uzio. Liliulizwa mara ya mwisho kwenye kikao cha robo ya pili, likajibiwa linashughulikiwa.

La pili ni kizimba cha taka karibu na soko. Gari la kwenda dampo la Mpirani linapita, lakini kizimba hakina ukuta upande mmoja, kuku na mvua vinatawanya taka kabla gari halijafika. Tofali zipo. Anayetakiwa kuamua ni WDC yenyewe, wala halihitaji kwenda mbali.

La tatu ni vikundi viwili vya vijana vilivyowasilisha maombi ya mkopo na havijapewa majibu, ya kukubaliwa wala ya kukataliwa. Wanastahili jibu kwa maandishi. Viongozi wao wamekaa pale nyuma, simameni vijana muonekane.

La nne ni zamu za mfereji.

Mtendaji wa kata aliyenirithi ameniambia WDC itakaa wiki ijayo, Jumatano, saa tatu asubuhi, ofisi ya kata. Wenyeviti wa mitaa wote mmeshapata barua. Mwenye hoja ya mtaa wake aiandike na kuifikisha kwa mwenyekiti wake kabla ya Jumatatu jioni, ili iingie kwenye kabrasha. Mheshimiwa Diwani, karibu mbele upokee daftari kutoka kwa mama yako.